Rafiki Aliyewekwa Rehani

Msomaji, hapa pwani yetu ya Malindi na Kilifi neno rehani halikuhusu dhahabu na mashamba tu. Katika njaa ya 1884 Wamijikenda wengi waliwaweka watoto wao rehani mijini ili wapate nafaka. Likumbuke jambo hilo usomapo Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah wa Unguja, iliyotoka 1994 na kutafsiriwa baadaye kwa Kiswahili kwa jina la Peponi.

Yusuf, mvulana wa miaka 12, anapelekwa mji wa pwani kwa sababu ya deni la baba yake. Huko anamkuta Khalil, aliyemtangulia katika kifungo hicho hicho. Mchana wanauza dukani mwa tajiri; usiku wanalala barazani. Khalil humtania, humkemea, humfunza kuwa tajiri yule si jamaa yake hata kidogo. Safarini bara, Yusuf anaona watu wakifa kwa maradhi; arudipo, Khalil yupo kumpokea.

Je, huyu ni rafiki au bawabu wa gereza? Nionavyo mimi, ni yote mawili, na hapo ndipo ulipo ukweli wa kitabu. Khalil anampa mwenziwe kila alicho nacho, lakini alicho nacho ni ustadi wa kuvumilia. Deni la baba yake limekwisha, naye bado hatoki, kwa ajili ya Amina aliyelelewa naye kama ndugu. Mwisho Yusuf anamwacha na kuukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Usifanye haraka kumhukumu. Jiulize kwanza: akufundishaye kuuvumilia utumwa amekusaidia, au amekufunga?