Sahani ya udongo: tuionje kwanza, picha itafuata

Wandugu, vijana wa kwetu mu Kivu wameanza kufinyanga masahani nyumbani na kuyapitisha kwenye WhatsApp: ukingo wa kupinda-pinda, jani la muhogo limechapwa katikati, rangi ya kahawia. Tuseme ukweli, kwa macho mengi yako mazuri. Lile jani linapendeza kuliko maua ya sahani zote za plastiki za sokoni. Lakini sahani haiko picha ya ukuta. Itapokea bugali ya moto, sambaza zenye ndimu, sombe yenye mawese, kisha maji na sabuni, na kesho tena. Njo maana minataka tuikosoe kama chombo.

Tuanze na umbo. Sisi wa agro tulijifunza kwamba udongo wa mfinyanzi uko kama karatasi ndogo-ndogo zilizopangana, maji katikati. Maji yakitoka, zinakaribiana, na kitu kizima kinapungua. Kwa sahani bapa, ukingo unakauka mbele ya katikati, basi inajikunja ao inapasuka. Ile "staili" ya ukingo uliopinda, mara nyingi ni jua tu lililofanya kazi yake. Weka sahani juu ya meza na uisukume kwa kidole: ikicheza, mfinyanzi hakuikausha polepole kivulini.

Jambo kubwa ni moto. Sahani iliyokaushwa na jua, hata wiki tatu, ukiilaza ndani ya ndoo ya maji itarudi matope. Lazima udongo upite karibu digri 600, pale maji yaliyofungwa ndani ya kaoliniti yanatoka na hayarudi tena. Furu ya mikate haifiki huko. Mbabula inaweza kuwaka nyekundu, lakini upande mmoja tu, na sahani inalia "tak!" mbele haijaiva. Na hata ikiiva vizuri kwenye moto wa wazi, bado ina matundu madogo: inakunywa mchuzi, na mchuzi unaoza ndani. Ile ngozi ya kioo ya sahani za dukani inaombaka moto mkali kuliko ule. Verni ya kinkayari inang'aa sawa nayo, lakini inabaki rangi ya mbao, na wewe unaila kidogo-kidogo. Hatari zaidi ni risasi, ile plombe ya batri: inayeyuka kwa moto mdogo na inasaidia kutengeneza ile ngozi ya kioo. Mexico watu wamepata sumu kwa vyombo vya namna hiyo, juu ndimu na nyanya vinaivuta plombe mpaka ndani ya chakula. Kwa hiyo anayeuza sahani bila kusema aliipaka nini, hata kama iko nzuri namna gani, minaihesabu kazi mbaya.

Sasa, mu Kivu, na kwa jirani Rwanda na Burundi, kuna watu wanaojua huu moto tangu zamani: wafinyanzi Batwa, wengi wao wamama. Angalia chungu chao. Ndani ya udongo kuna mchanga ao vigae vilivyosagwa, ili maji na moto vipate njia ya kupita. Kiko cha mviringo, bila kona, juu joto ligawanyike sawasawa. Hawakuchagua sahani bapa, na ukisoma vizuri chungu unaelewa sababu: kile kitumbo ni jibu la fundi kwa moto wa majani na kuni. Wenzetu wanaofinyanga nyumbani wangeanza na bakuli nene kidogo, wangekula hasara ndogo.

Lakini nani anaenda kuwauliza? Familia nyingi zilipika maharagi ndani ya vyungu vya Batwa, na zilikataa kula nao sahani moja. Sisi wenye licence tumeongeza yetu: tukipanga bonde lenye maji, tunaandika mpunga, mboga, vidimbwi vya samaki, udongo wa kufinyanga hauna mustari kwenye karatasi. Kule Rwanda wafinyanzi Batwa walipoteza mabonde yao yakawa mashamba ya mpunga. Ni swali la kazi yetu, siyo la wasanii peke yao.

Voania wa Muba, mfinyanzi wa Bas-Congo aliyekufa mwaka wa 1928, alichora jina lake juu ya vyungu vyake, na njo vile makumbusho ya Ulaya yanamjua mpaka leo. Vile vyungu vyenye watu waliokaa juu vilitengenezwa vitazamwe, wala havikujidai vya kupikia. Wamama wa kwetu hawachori jina, na chungu chao kinauzwa bei ya chini sana, wakati sahani ya kijana inaitwa "kreasio" na inaombewa dola.

Zile sahani za jani la muhogo zilizochomwa kweli, bila verni, mimi nitazinunua kwa kuwekea karanga, ndizi na mikate. Kwa sombe, bado.