Fundi wa Folda ya Pamoja

Mjini Karatu, ambako wageni wengi hulala kabla ya kupanda kuelekea lango la Lodoare na kreta ya Ngorongoro, ofisi ya utalii inayopokea maombi ya vyumba kwa folda ya pamoja, yaani kasha moja la barua pepe linalosomwa na wafanyakazi kadhaa, haina budi kumthamini fundi wake wa kompyuta. Folda inapotoweka kwenye skrini ya mmoja wao, fundi hodari hakimbilii kuzima na kuwasha seva. Hukagua kwanza orodha ya ruhusa, ambamo, chini ya IMAP, itifaki iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 ya kusomea barua zilizobaki kwenye seva, herufi l humruhusu mtumiaji kuiona folda na r kuisoma. Kisha huangalia kama folda imeandikishwa katika programu ya mtumiaji huyo, kwani isiyoandikishwa mara nyingi hufichwa, ingawa barua zote, hata ya mgeni wa kesho alfajiri, zimo.