Kifaransa kwa Njia ya Nchi: Somo Linaloanzia Kongo

Kuwafundisha wanafunzi wa shule za msingi Kifaransa kwa kuwatembeza katika nchi zinazokitumia ni mbinu ya kuunganisha maudhui na lugha, yaani mtoto hujifunza jambo la kweli kuhusu nchi fulani na papo hapo hupata maneno ya kulielezea. Mbinu hiyo ikianzia Paris, mtoto wa Arua au Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, huruka bara zima ili akutane na Kifaransa, ilhali lugha hiyo ndiyo ya serikali na ya shule mara tu baada ya forodha ya Vurra, mpakani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mtaala wa Uganda haujakifanya Kifaransa kuwa somo la lazima katika ngazi hiyo, lakini unatoa ngazi nzuri ya kuegemea: katika Maarifa ya Jamii, darasa la 4 husoma wilaya, la 5 Uganda, la 6 Afrika Mashariki na la 7 Afrika. Kwa kuwa Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo ikazifuata mwaka 2022, Kifaransa sasa kimo ndani ya ramani ya darasa la 6 yenyewe.

Ramani hiyo inafaa zaidi ya inavyodhaniwa, kwa sababu majina ya nchi hubeba sarufi. Kila nomino ya Kifaransa ni ya kiume au ya kike, mgawanyo ambao mtoto aliyezoea ngeli za Kiswahili haumtishi, na jinsia hiyo ndiyo huamua kihusishi, yaani neno linalotangulia mahali: husemwa “au Congo” na “au Burundi”, lakini “en Côte d’Ivoire”, na Komoro, kwa kuwa jina lake liko katika wingi, huwa “aux Comores”. Mwanafunzi husogeza punje ya mahindi juu ya ramani huku akisema “je suis au Congo”, yaani niko Kongo, kisha “je vais au Rwanda”, yaani naenda Rwanda, na sentensi hubadilika kwa maneno machache tu kila mpaka unapovukwa. Nchi yake mwenyewe ndiyo yenye mtego: “Ouganda” ni ya kiume, lakini huanza kwa irabu, hivyo husemwa “en Ouganda”. Ni busara basi kuichelewesha hadi kanuni mbili za mwanzo zikae.

Hesabu nazo zifuate soko la Ariwara, upande wa Kongo wa mpaka. Nchini Kongo, kama Ubelgiji, 70 ni “septante” na 90 ni “nonante”, wakati Ufaransa husema “soixante-dix”, yaani sitini na kumi, na “quatre-vingt-dix”, yaani ishirini mara nne na kumi. Maneno ya Kongo ni mepesi na ndiyo yanayotumika jirani. Yale ya Ufaransa yasubiri.

Historia nayo ina nafasi yake, kwani eneo hili la Nile Magharibi lilikuwa sehemu ya Lado, iliyokodishwa na Waingereza kwa Mfalme Leopold II, mtawala wa Kongo, mwaka 1894, ikarudishwa mwaka 1910, na Nile Magharibi ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Walugbara na Wakakwa wamebaki pande zote za mpaka. Wilayani Koboko, makazi ya Lobule huhifadhi wakimbizi kutoka Kongo, na mtoto aliyeanza shule kwa Kifaransa kabla ya kukimbia anastahili kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, maana anajua zile herufi za mwisho zisizotamkwa, ambazo wenzake, waliozoea kutamka kila kinachoandikwa, hujikwaa nazo.