Mbwa, Mpelelezi na Mtu wa Visiwani: Tuisomeje Riwaya ya Upelelezi?

Riwaya ya upelelezi imedharauliwa mno na wahakiki. Wengi wetu tuliofundisha fasihi katika shule za sekondari tumewahi kumnyang'anya mwanafunzi kitabu cha namna hiyo alichokificha chini ya dawati, tukampa badala yake kitabu "chenye maudhui", kana kwamba kile cha kwanza hakikuwa na maudhui yoyote. Tunaona kuwa dharau hiyo haina msingi, na tena ina hatari, maana kitabu ambacho mwalimu hakukichambua darasani ndicho kinachopenya akilini mwa kijana bila kuulizwa hata swali moja.

Tumechagua mfano wa kigeni unaojulikana duniani kote: The Sign of Four, yaani Alama ya Wanne, ya Mwingereza Arthur Conan Doyle, iliyotokea kwanza katika jarida la Lippincott's mnamo Februari 1890. Ni riwaya ya pili ya mpelelezi binafsi Sherlock Holmes na rafiki yake msimulizi, Daktari Watson. Tumeichagua hasa kwa sababu ndani yake wapelelezi hawa wawili wanafanya kazi na mbwa, na tunaamini kuwa anayemtazama vizuri mbwa huyo atakiona kitabu chote kwa jicho jingine.

Kwa ufupi kisa ni hiki. Binti mmoja, Mary Morstan, alipotelewa na baba yake, ofisa wa jeshi la India, mjini London mwaka 1878. Kuanzia mwaka 1882 mtu asiyejulikana amekuwa akimpelekea lulu moja kila mwaka. Anamwendea Holmes, na uchunguzi unawafikisha katika jumba moja la Norwood, kusini mwa London, ambako mwenye nyumba, Bartholomew Sholto, amekutwa amekufa ndani ya chumba kilichofungwa, na mwiba wa sumu umemchoma kichwani. Sanduku la hazina iliyotoka Agra, India, limekwisha chukuliwa. Dalili zilizosalia ni za watu wawili: mmoja ana mguu wa mti, mwingine ana unyayo mtupu, mdogo kama wa mtoto. Huyo wa pili amefanya kosa moja tu. Amekanyaga kriosoti, yale mafuta meusi yenye harufu kali ambayo hupakwa nguzo na mbao zisiharibike upesi.

Hapo ndipo Watson anapotumwa usiku kwenda Lambeth, karibu na mto, kumleta Toby.

Msomaji wa pwani yetu, aliyelelewa akiambiwa kuwa mate ya mbwa ni najisi, na ambaye lugha yake imelifanya jina la mnyama huyu kuwa tusi, huenda akashangaa kuona heshima anayopewa Toby. Msasi wa bara hatashangaa. Toby si mbwa wa fahari. Ni chotara, mwenye manyoya marefu ya rangi ya kahawia na nyeupe, masikio ya kulegea na mwendo wa kuyumbayumba. Tena ni mbaya wa sura, na mwandishi hafichi jambo hilo. Anamkubali Watson baada ya kupewa kipande cha sukari. Lakini Holmes anatamka kuwa msaada wa mbwa huyu ni bora kwake kuliko wa kikosi kizima cha askari kanzu wa London, na tukimlinganisha Toby na ofisa wa polisi wa kitabu hiki, Athelney Jones, ambaye anawakamata watu wote wa nyumba akiwemo ndugu wa marehemu asiye na hatia, tunaona kuwa maneno hayo si mzaha mtupu. Jones anaanza na jibu kisha anatafuta dalili za kulithibitisha. Mbwa hana jibu. Ana harufu tu, naye anaifuata inakompeleka.

Safari yake ni ya maili sita hivi, alfajiri, kupitia vitongoji vya Streatham, Brixton na Camberwell, wakati wafanyakazi ndio kwanza wanafungua milango. Mwisho wake ni wa kuchekesha. Toby anaingia mbio katika ua wa mbao, anaruka juu ya pipa lililopakiwa kwenye mkokoteni, na kusimama hapo akitazama huku na huku kwa ushindi. Pipa limejaa kriosoti! Wapelelezi wanaangua kicheko. Wala hawampigi. Holmes anaeleza kuwa mbwa hakukosea kwa kadiri ya alivyofundishwa: njia mbili za harufu moja zilikutana mahali fulani, naye akashika ile isiyohusika. Wanamrudisha kwenye njia panda, naye anawafikisha gatini ambako wahalifu walipanda mashua.

Tumeikalia sehemu hii kwa makusudi, kwa kuwa kwetu sisi ndiyo kilele cha fani ya mwandishi. Mpelelezi anakiri kuwa dalili ya kweli inaweza kumpeleka mtu mahali pa uongo, na kwamba dawa yake ni kurudi nyuma hadi pale njia zilipochanganyika. Hiyo ndiyo kanuni ya elimu yoyote ya uchunguzi. Mwanafunzi aliyesoma riwaya za Muhammed Said Abdulla ataitambua mara moja, kwani Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, ni jamaa wa karibu wa Holmes. Abdulla aliichukua fani ile akaileta Unguja, akaitumia kupambana na ushirikina wa watu wake mwenyewe, na kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa fani hii ni mali ya wageni. Ni chombo. Swali ni kama mwenye chombo anakitumia kwa uaminifu.

Na hapa ndipo tunapomshtaki Conan Doyle.

Baada ya kazi ya mbwa, Holmes anataka kujua mwenye unyayo mdogo ni nani. Safari hii hafuati dalili. Anachukua kitabu cha jiografia rafuni na kusoma habari za wenyeji wa visiwa vya Andaman: kwamba ni wafupi kuliko watu wote, wakali, wenye sura za kutisha, na kwamba huwala mabaharia waliovunjikiwa na jahazi. Yeye ambaye hakumwamini polisi, wala mlango uliofungwa, wala hata pua ya mbwa bila kuihakiki, anaviamini vichapwa hivi bila swali! Na vilikuwa vya uongo. Mwingereza E. H. Man, aliyeishi Andaman na kuandika juu ya watu wake mwanzoni mwa miaka ya 1880, alikwisha kukanusha kuwa wanakula watu. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale. Bomba la kupulizia miiba ya sumu, ambalo juu yake umejengwa mkasa wote wa kifo cha Sholto, halikuwa lao. Walioteketea katika kukutana huko walikuwa wenyeji. Baada ya Waingereza kuanzisha koloni la wafungwa huko Port Blair mwaka 1858, maradhi mageni, na hasa surua ya mwaka 1877, yaliwaua wengi sana.

Majina nayo yanamsuta mwandishi. Wale "wanne" wa alama ni Mwingereza mmoja, Jonathan Small, na wenzake watatu waliomuua mtu aliyejifanya mfanyabiashara katika ngome ya Agra wakati wa uasi wa 1857. Wawili kati yao tunaambiwa ni askari wa Kisingasinga, na majina yao ni Mahomet Singh na Abdullah Khan. Mwanafunzi yeyote wa Tanga au Mombasa, mwenye majirani Waislamu na Masingasinga, ataona kuwa hapa mambo yamechanganywa. Kwa mwandishi, Mhindi alikuwa Mhindi tu.

Lakini hebu tumtazame mtu wa Andaman mwenyewe. Jina lake ni Tonga. Kikundi cha wafungwa kilimkuta msituni akiwa mgonjwa wa kufa, Small akamuuguza, na tangu hapo Tonga hakutaka kuachana naye. Mtumbwi uliomtorosha Small utumwani ulikuwa wa Tonga. Na malipo yake? Small anasimulia, bila aibu, jinsi alivyomtembeza katika maonyesho ya mitaani kama mla watu mweusi, akimlisha nyama mbichi na kumchezesha ngoma ya vita mbele ya watazamaji, hata kofia ikajaa senti. Alipomuua Sholto, akidhani amemfanyia bwana wake jambo jema, alichapwa kwa ncha ya kamba. Hatusikii hata neno moja kutoka kinywani mwake katika kitabu chote. Ndani ya kile kitabu cha jiografia limo jambo moja tu la kuwasifu watu wake, nalo ni kwamba wakishamwamini mtu huwa marafiki waaminifu kupita kiasi. Ni sifa ambayo kwa kawaida hupewa mbwa.

Wala hatusemi haya kwa kuvuta maneno. Wakati mashua ya polisi inapoifukuza mashua ya Small usiku katika mto Thames, Watson anaona kando ya Small kitu cheusi kilicholala, na anasema kilimwonekania kama mbwa mkubwa wa aina ya Newfoundland. Kisha kitu hicho kinasimama, nacho ni Tonga. Wapelelezi wote wawili wanampiga risasi, naye anatumbukia majini. Ni kweli kwamba alikuwa amekwisha inua bomba lake kuwapulizia. Hata hivyo, Holmes, mtu wa kuuliza kila kitu, haulizi kamwe kama mtu huyu alijua anachofanya, au kilichompeleka London ni nini. Kwa mbwa aliyeruka juu ya pipa alitafuta sababu ya kosa, akamrudisha njia panda.

Je, tukifiche kitabu hiki? Sisi tunakataa. Mwanafunzi atakipata tu, na kwa hakika kinavutia. Sura za mbwa na ile mbio ya mtoni zimeandikwa kwa ustadi ambao waandishi wetu chipukizi wangefaidika kuuchunguza. Walioandika kuwa tumwonee mwandishi huruma kwa sababu ya zama zake nao hawatutoshelezi, kwa kuwa maandishi ya Man yalikuwepo katika zama hizo hizo. Tunachopendekeza ni kazi ya darasani. Mwalimu awagawe wanafunzi makundi mawili. Moja likusanye kila sentensi inayomhusu Toby, jingine kila sentensi inayomhusu Tonga: anaitwaje, analishwa nini, anapokosea anatendewaje, nani anamsemea. Wasiambiwe watafute nini. Wafuate maneno tu, na orodha mbili zikishaandikwa ubaoni wazijadili wenyewe.

Watafika wenyewe kwenye mistari ya mwisho ya orodha hizo. Toby alirudishwa Lambeth kwa mwenyewe, pamoja na nusu sovereni ya malipo ya kazi yake. Mifupa ya Tonga, kwa maelezo ya Watson, imelala mahali fulani katika tope la Thames.