Hii Tumevuka! Nimetoka kwa Mkapa, Mwili Bado Unatetemeka

Aisee, weka chini chochote ulichoshika unisikilize. Simba imevuka robo! Imevuka, imepita, iko nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mimi nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya, nimepiga kelele mpaka sauti imekauka kabisa, na bado! Jana, Jumatano, Aprili 9, 2025, kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar. Iandike hiyo tarehe mahali. Kama ulibaki nyumbani na rimoti, rafiki yangu, nakupenda sana, lakini umekosa kitu kikubwa mno, na sitakubali ukikose tena.

Unakumbuka tulikotoka? Wiki moja tu nyuma Al Masry walitupiga mbili bila kule Misri, na mji mzima ukanyamaza. Kila kijiwe cha kahawa kilikuwa kimeshatuzika. Na walikuwa na sababu, maana robo fainali ilishatutesa mpaka basi! TP Mazembe 2019, nje. Kaizer Chiefs 2021, wametupiga nne kwao, sisi tukawapiga tatu hapa hapa Dar, nje! Orlando Pirates 2022, matuta, nje. Wydad 2023, matuta tena, nje. Al Ahly 2024, nje. Mtani wetu Yanga akatubatiza Mwakarobo, yaani mtu wa kuishia robo, na yeye alikuwa amefika fainali ya kombe hili hili mwaka 2023, basi ikawa kila ukifungua mdomo unarushiwa hilo jina. Kazini Mwakarobo, kwenye daladala Mwakarobo, msibani mtu anakupa pole halafu anakunong'oneza Mwakarobo!

Sasa mtani anitafute. Simu yangu iko wazi tangu jana na hapigi.

Na timu yenyewe ilikuwa ya kujenga upya, ndiyo maana nachanganyikiwa kwa furaha. Msimu uliopita tulimaliza wa tatu kwenye ligi, kikosi kikafumuliwa, wakaja vijana wapya kibao, akaja kocha Fadlu Davids, raia wa Afrika Kusini, na sisi wenyewe mioyoni tulikuwa tunasema huu ni mwaka wa kupanda mbegu, tutavuna mbele ya safari. Kumbe mavuno yako mlangoni!

Basi twende uwanjani. Nilifika mapema na bado nikakuta Temeke yote nyekundu. Bodaboda zimefungwa bendera, kina mama wamejifunga kanga nyekundu, watoto wamepakwa rangi mashavuni, muuza mihogo kajaza pilipili kana kwamba ni sikukuu, vuvuzela zinalia toka barabarani. Kila unayekutana naye, hata humjui, anakuangalia usoni na kukwambia, "Hii tunavuka." Hasemi kwa kubahatisha. Anasema kama mtu anayekutajia siku ya wiki. Nikaanza kusisimka kabla sijafika getini, na bado!

Ukipanda zile ngazi za jukwaa la mzunguko, ukitokeza juu ghafla, ule uwanja unakupiga usoni. Nyasi za kijani kibichi, anga, halafu wekundu na weupe unazunguka pande zote mpaka macho hayajui yatulie wapi. Na sauti! Hebu nikueleze hiyo sauti, maana televisheni inakudanganya, inakuletea robo yake tu. Kwanza unaisikia miguuni. Zege linanguruma chini ya viatu, kiti kinacheza, halafu inapanda tumboni, halafu kifuani, ndipo masikio yanapata taarifa. Unakumbuka Januari, mechi na Constantine, uwanja ulifungwa bila mashabiki kwa adhabu ya CAF? Ule ukimya wote wa siku ile, jana tuliulipa na riba.

Filimbi ikalia na sikuona mtu aliyekaa. Dakika zinakwenda, tunasukuma, tunasukuma, na dakika ya 22, Elie Mpanzu! Mamaa! Nilichoona ni wavu ukicheza na Mkongo wetu anakimbia mikono juu, halafu sikuona kitu tena kwa sababu nilikuwa chini ya watu. Mzee mmoja wa kanzu, ndevu nyeupe pe, alinikumbatia akanikaza mbavu, tukaruka pamoja kama watoto wa chekechea, kofia yake ikapeperuka safu tatu chini na wala hakuiulizia. Moja! Bado moja tu tufanane nao!

Na hatukusubiri! Hatukusubiri hata kidogo! Dakika kumi baadaye, dakika ya 32, Steven Mukwala, Mganda yule, mtulivu, mpole ukimwona, akaweka la pili. Sasa hapo sikuelezi, we acha tu. Kulikuwa na sekunde moja ya ajabu kabla ya kelele, sekunde ambayo watu wote wanavuta pumzi pamoja, unasikia hewa inavutwa, hivi, "hhhaa", halafu kitu kinapasuka. Niligeuka nikaona watu wazima wanalia. Wanalia machozi ya kweli, na mechi haijafika hata mapumziko! Mbili bila. Mbili kwa mbili jumla. Ule mlima wa Misri umesawazishwa ndani ya dakika 32!

Kipindi cha pili, ndugu yangu, ni mateso matamu. Bao moja tu la tatu na tumevuka, bao moja tu la kwao na tunazikwa. Kila mpira ukielekea lango letu, jukwaa zima linakuwa na moyo mmoja na huo moyo umesimama. Kila Kibu Denis akiuchukua mpira na kuanza kukimbia, kile kifua mbele, zile mbio zake za kutotaka kujua nani yuko njiani, watu wanainuka hata kabla hajafika popote. Dada mmoja mbele yangu alikuwa anaichana kidogo kidogo karatasi ya karanga, anaichana, anaichana, mpaka mapajani kwake kukajaa vipande kama maua ya harusi. Mimi kucha sina.

Filimbi. Matuta.

Hakuna muda wa nyongeza hatua hii, unajua, ni moja kwa moja matutani, na ukishakuwa Simba, ukishapita Pirates na Wydad, neno matuta linakugandisha damu. Nilitazama pembeni nikamwona kijana muuza maji ametua ndoo yake kwenye ngazi, ameikalia, hauzi tena, mikono imeshika kichwa. Mwenye redio kaizima. Yule mzee wa kanzu kageuka, kaupa uwanja mgongo, anatazama ukuta na midomo inacheza. Watu maelfu kwa maelfu, halafu ukimya mzito kiasi kwamba nilisikia bendera ikipigwa na upepo.

Na hapo ndipo Moussa Camara alipoamua kuwa ukuta. Kipa wetu, Mguinea, jina lake la utani Pin Pin. Nilikuwa namtazama yeye tu, simtazami mpigaji. Jinsi anavyotembea polepole kwenda kwenye mstari, anavyotanua mikono, lile goli linaonekana linasinyaa, linasinyaa, linakuwa goli la watoto wa mtaani. Akapangua! Nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo. Na bado! Akapangua tena! Mara mbili, Camara, mara mbili! Na vijana wetu kule upande wa pili wanapiga kama wanaingiza ufunguo mlangoni kwao, hakuna aliyekosa, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, wavu, wavu, wavu, wavu! Nne kwa moja! Hata wa tano hatukumhitaji!

Yule mzee hakuona hata mkwaju mmoja. Alijua kwa kelele tu. Nilimgeuza mimi mwenyewe, nikamwambia, "Babu, tumevuka," akanitazama, akaniuliza, "Kweli, mjukuu wangu?" na alipoona uso wangu akakaa chini, akacheka, akacheka, akashindwa kuacha. Nakwambia, hicho kicheko ningelipa kiingilio kukisikia peke yake.

Mpaka giza linaingia tulikuwa bado barabarani, hakuna anayetaka kwenda nyumbani, magari yanapiga honi kwa mdundo mmoja, akina mama wanapiga vigelegele dirishani, watu wanaimba wamening'inia kwenye milango ya daladala na konda haombi nauli. Nilitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia na sikuchoka. Nilitembea nikiwaza hivi: wazee wetu wana Mufulira Wanderers yao ya 1979, walipigwa nne nyumbani wakaenda Zambia wakarudisha tano, wanaisimulia mpaka leo macho yanang'aa. Kaka zetu wana Zamalek ya 2003, kipa Juma Kaseja akiwanyima Waarabu matuta kule kwao Cairo. Mimi nimekua nikisimuliwa. Nimezisikia mpaka najua pa kushangilia. Na jana, hatimaye, nimepata ya kwangu! Al Masry 2025! Hii hakuna wa kunisimulia, nilikuwemo, ilipita ndani ya mbavu zangu, na wajukuu wangu watachoka kuisikia.

Ndiyo maana nakung'ang'ania wewe. Usiridhike na kusimuliwa na mimi. Stellenbosch wa Afrika Kusini ndio wanafuata kwenye nusu fainali, na usiwadharau kabisa, maana jana hiyo hiyo wamemtoa Zamalek kule kule Cairo, Zamalek mwenyewe aliyekuwa bingwa mtetezi! Itakuwa moto. Itakuwa raha tupu. Kwa hiyo leo, si kesho, tafuta jezi, na kama N-Card yako ya kuingilia uwanjani imelala kwenye droo, iamshe, iweke hela. Tiketi zikitoka tu, nunua mbili, moja yako na moja ya yule shemeji yako anayesema mpira ni wa kutazama nyumbani. Njoo mzunguko, usinidanganye na viti vya kifahari, kule mzunguko ndiko zege linakonguruma. Njoo mapema, njoo umekula, beba maji, na sauti yako yote usiitumie kwa wiki nzima kabla. Mimi nitakushikia nafasi. Ukichelewa nitapiga simu mpaka betri iishe, na bado nitapiga!