Nani Alilala Chumba cha Tatu?

Mjadala wa Kariakoo una kambi mbili. Watu wa ghorofa wanasema ardhi ya katikati ya Dar es Salaam ni ghali mno kuachiwa nyumba ya bati, na kwamba jiji lisipopanda juu litaendelea kutambaa hadi Chanika na Bunju, na foleni zake. Wapenzi wa nyumba za chini huleta picha: kibaraza, mlango wa mbao, wazee na bao lao. Wa kwanza wana hesabu, wa pili wana mapenzi. Kinachonikera ni kwamba wote wanaitazama nyumba wakiwa wamesimama barabarani.

Ingia ndani. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani kwenye jiko na choo. Mara nyingi mwenye nyumba alijibakizia chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Kwa hiyo fundi cherehani au mchuuzi mwenye uwezo wa kulipia chumba kimoja tu aliweza kulala hatua chache kutoka sokoni na kurudi kwa miguu usiku. Raha haikuwa kubwa kiasi hicho. Wanaoimba kibaraza hawataji kupanga foleni ya choo alfajiri. Wangeitaja, ningewaamini zaidi.

Siku hizi mwenye kiwanja huingia ubia na mwenye mtaji. Nyumba inavunjwa, linapanda jengo: fremu chini, stoo za mizigo juu yake, pengine na apatimenti. Mwenye kiwanja anapata fungu lake. Mpangaji wa chumba cha tatu, ambaye mkataba wake huenda ulikuwa wa mdomo tu, anapata notisi. Hakuna kambi inayomhesabu: ya kwanza inahesabu ghorofa, ya pili inamlilia mlango. (Usalama ni mada yake, ingawa tangu jengo liporomoke Kariakoo Novemba 2024, sijui mtu anasifiaje urefu bila kwanza kuuliza kuhusu msingi.)

Si mbali na hapo, Magomeni Kota, nyumba za chini nazo zilivunjwa. Wakazi wake walihangaika kwa miaka, na hilo si la kusamehewa kirahisi. Lakini majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022, kaya 644 zilizoondolewa ndizo zilizopewa nafasi ya kurudi. Ni ghorofa zilezile ambazo wapenzi wa kibaraza wanaziogopa. Kilichokuwapo Magomeni ni orodha ya majina. Ardhi ilikuwa ya umma, kwa hiyo kulikuwa na wa kudaiwa.

Kariakoo viwanja ni vya watu binafsi, na orodha hiyo haina anayeiandika. Ila hakuna ghorofa halali bila kibali, na mwombaji tayari hueleza jengo litakuwa na ghorofa ngapi. Aulizwe pia vyumba vingapi vilikuwa vikipangishwa pale, vingapi vitarudi, na kwa kodi ya shilingi ngapi kwa mwezi.