Doto Yuko Wapi?

Mwalimu wa ajira mpya akiripoti kituoni, wengi hutazama begi lake na namna anavyoitikia salamu. Mimi humsubiri kwenye daftari la mahudhurio.

Chukua shule ya msingi kijijini Usukumani, mwezi Januari. Darasa la tatu limejaa, watoto wamebanana kwenye madawati, na majina yaliyomo daftarini ni mageni kwa binti aliyekulia Kilimanjaro. Wapo wanaoyasoma mbiombio ili wawahi somo. Mwalimu hodari haendi mbio. Akiita Kulwa, mtoto akaitika, anainua macho na kuuliza, “Na Doto yuko wapi?” Darasa zima linachangamka. Kwamba Kulwa na Doto ni mapacha, huku kila mtu anajua; hawakutegemea mgeni naye awe ameshajifunza. Akifika kwa Shija anaulizia mapacha waliomtangulia. Doto anaumwa, anaambiwa, na jibu hilo analiandika pembeni kwa penseli. Wiki inayofuata atauliza kama amepona. Penseli hiyo naiheshimu sana, maana kumuuliza mtoto habari zake ni rahisi. Kazi ni kumkumbuka mgonjwa wake siku tano baadaye, ukiwa na darasa la watoto wengi namna ile.

Uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi, kwa ninavyouona, hujengwa ndani ya kazi yenyewe. Ucheshi unasaidia, lakini mtoto hupima kwa daftari lake. Nilimtazama mwalimu mmoja akisahihisha Hisabati chini ya mwembe. Mtoto alikuwa ameandika 52 kutoa 27 ni 35. Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi, lakini akasita, akafunua kurasa za nyuma. Akaona kosa ni lile lile: mtoto anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Pembeni akaandika, “Njoo tukope kumi.” Mtoto alipokuja wakapanga chini mabunda matano ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili pembeni. Mwalimu akamwachia afungue bunda moja mwenyewe. Mtoto akahesabu kumi na viwili, akatoa saba, akabaki na vitano. Kwenye mabunda manne akatoa mawili. Akatazama 25 yake, kisha akamtazama mwalimu usoni kwa mara ya kwanza tangu aje. Alikuwa amegundua kwamba kuna mtu mzima aliyefuatilia jinsi anavyofikiri.

Ofisini kwa walimu, mwalimu hodari huyo haji na habari za chuoni kwanza. Anamwomba mwalimu mkongwe wa darasa la kwanza, yule anayefundisha watoto kusoma tangu irabu, amruhusu akae nyuma atazame kipindi. Mwenzake akifiwa, anamshikia zamu bila kungoja kuombwa.

Mzazi ndiye mgumu zaidi kumfikia. Tangu michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016, mzazi amepumua, na ni jambo jema kabisa. Ila wengine sasa huitwa shule pale tu mtoto anapokuwa na kosa. Kwa hiyo mwalimu anakwenda yeye, Jumamosi asubuhi, kabla hakujaharibika kitu. Anasalimia “Mwangaluka,” anaongeza shikamoo, anakaa kwenye kigoda alichopewa. Neno lake la kwanza ni sifa: “Baba, kijana wako sasa anaweza kutoa kwa kukopa.” Wanazungumza mvua, wanazungumza pamba. Ndipo anapogusia kwamba siku za mnada kijana haonekani darasani.

Baba anaguna, anatazama zizi. “Kaka yake amemaliza la saba, yupo tu nyumbani,” anasema. “Ng'ombe atapeleka yeye, mwalimu.”